Old South: Kanisa Lililokusanya Wanamapinduzi wa Boston

Jengo la matofali la Old South Meeting House, penye njia panda ya mitaa ya Washington na Milk mjini Boston, Marekani, lilijengwa mwaka 1729 na Wakristo wa madhehebu ya Wapuritani. Waumini hao hawakutaka sanamu wala madoido, bali ukumbi mpana wa kusikilizia mahubiri. Upana huo ndio ulioliingiza kanisa katika siasa: mikutano ya wananchi ilipofurika katika ukumbi wa Faneuil, ilihamia hapa.

Mwishoni mwa Novemba 1773, meli ya Dartmouth ilitia nanga ikiwa na chai ya Kampuni ya Uhindi Mashariki. Chai hiyo ilitozwa ushuru na Bunge la Uingereza, ambamo walowezi wa Marekani hawakuwa na mwakilishi hata mmoja. Ushuru ulipaswa kulipwa ndani ya siku 20, la sivyo forodha ingeitaifisha shehena. Tarehe 16 Desemba, muda ukikaribia kwisha, watu wapatao 5,000 walifurika kanisani na kandokando yake. Mwenye meli, Francis Rotch, alitumwa mji jirani wa Milton kumwomba gavana wa koloni, Thomas Hutchinson, kibali cha kuirudisha London. Watu walimsubiri hadi giza likaingia. Aliporudi na jibu la kukataliwa, Samuel Adams, kiongozi wa wanamapinduzi, alitangaza kwamba mkutano hauna tena la kufanya kuiokoa nchi. Kelele zikapaa. Usiku huo wanaume, baadhi wamejipaka masizi na kujivika kama Wamohawk, jamii ya wenyeji wa asili, walipasua makasha zaidi ya 300 ndani ya meli tatu zilizobeba chai na kumwaga chai yote baharini.

Uingereza ilijibu kwa kuifunga bandari ya Boston mwaka 1774. Mwaka uliofuata vita vya uhuru vikaanza. Wanajeshi wa Uingereza hawakulisamehe kanisa hili. Waling'oa mimbari na viti, wakavichoma kuni, wakamwaga udongo sakafuni na kufanya humo mazoezi ya farasi. Waumini walirudi mwaka 1783.

Historia hii haikamiliki bila Phillis Wheatley, mshairi aliyetekwa utotoni Afrika Magharibi na kuuzwa Boston. Alibatizwa Old South mwaka 1771 akiwa bado mtumwa, na nakala za kitabu chake cha mashairi zilikuja na Dartmouth ileile iliyoleta chai. Baadhi ya waliodai uhuru chini ya paa hilo walisali pamoja na watumwa waliowamiliki.

Mwaka 1876 jengo lilipigwa mnada ili libomolewe. Wanawake wa Boston waliongoza juhudi za kuliokoa, na tangu 1877 ni makumbusho.