Reli ya Kati na Watu Iliowapita

Mwaka jana nilipanda treni ya umeme kutoka Dar es Salaam kwenda Dodoma. Safari haikufika saa 4, kiyoyozi kinapuliza, nimekaa dirishani. Jirani yangu, mzee mmoja aliyekuwa anarudi kwao Manyoni, hakuridhika.

"Mwanangu, hii inakimbia mno. Huoni kitu, hununui kitu."

Akanisimulia treni ya zamani, siku mbili na ushee hadi Kigoma, na stesheni ya Saranda ambako kuku alikuwa anaingia dirishani kabla treni haijasimama sawasawa. Nilicheka. Baadaye nikajiuliza: hivi historia ya reli hii tumeipokea kwa nani?

Shuleni tuliambiwa Wajerumani ndio walioijenga, basi. Ni kweli kwamba ujenzi ulianza Dar es Salaam mwaka 1905, mwaka uleule Maji Maji ilipolipuka kusini. Reli ikafika Morogoro 1907, Tabora 1912, na Kigoma mapema 1914, kilomita zipatazo 1,250. Miezi michache baadaye Vita Kuu ikaanza, na Wajerumani wenyewe hawakuifaidi sana.

Ila njia waliikuta. Kabla ya chuma, kati ya pwani na Ujiji zilipita nyayo za wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, wakishusha pembe za ndovu na kupandisha vitambaa, shanga na waya. Walipita humo pia watu waliotekwa, wakipelekwa kuuzwa. Burton na Speke waliondoka pwani Juni 1857, wakaingia Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, mwezi Novemba. Majina yao yako kwenye kila kitabu. Waliowabebea mizigo, ukimtoa Sidi Mubarak Bombay na wachache wengine, wamebaki kuwa idadi tu.

Reli ilipokuja ilichagua wa kumnyanyua na wa kumpita. Bagamoyo ilikuwa lango la misafara, tena makao makuu ya Wajerumani hadi 1891, lakini reli ikaanzia Dar es Salaam. Ujiji, mwisho wa njia ya misafara, nayo ikapitwa kidogo tu, bandari ikawa Kigoma. Na mpagazi je? Mzigo wake ulipanda behewa. Yeye akaenda kutafuta kibarua, kwenye ujenzi wa reli hiyohiyo au kwenye mashamba ya mkonge.

Kabla ya Dodoma treni yetu ikafika upande wa Igandu. Hapo mzee akanyamaza, nami pia. Juni 24, 2002 nilikuwa darasa la sita. Treni ya abiria ya reli ya zamani, yenye watu zaidi ya 1,200, ilikuwa inapanda mlima maeneo hayo. Breki zikakataa, ikarudi nyuma kwa kasi na kugongana na treni ya mizigo. Walikufa watu 281. Nakumbuka redio nyumbani ilivyowashwa kutwa nzima, na mama alivyokuwa akituzuia tusiongee. Ndani ya treni ya umeme wengi walikuwa wameinamia simu zao. Siwalaumu, maana hata mimi nisingekumbuka kama mzee asingenyamaza.

Simtetei treni wa zamani kwa sababu ya kuku. Mtu aliyekaa siku mbili daraja la tatu, mtoto mapajani, hahitaji kuhubiriwa uzuri wa kwenda polepole. Treni ya haraka ni haki yake. Ninachodai ni kidogo: hii njia imetunzwa vizuri kuliko watu wake. Miaka zaidi ya 150 tangu Burton, bado tunapita karibu na palepale, huku aliyebeba, aliyeuza na aliyekufa wakiachwa kwenye masimulizi ya wazee wanaoteremka Dodoma kutafuta basi la Manyoni.

Kama kwenu yuko bibi aliyepika kwa ajili ya treni, au babu aliyepiga kengele stesheni, mkalishe umrekodi. Simu inatosha. Mimi namba ya yule mzee ninayo, na wiki ijayo nakwenda Manyoni. Kwa basi.