Bao la nyumbani: mchezo mzuri na mchezo mbovu

Wadau, msimu wa kuuza kahawa huku kwetu Maguu, Mbinga, mtu akiwa na hela mfukoni utamsikia kwenye bao: "tuwekeane ya soda." Kabla hujaweka yako, soma hapa.

Kwenye karata unaweza ukacheza hovyo na bado ukashinda, karata nzuri zikikuangukia. Bao halina bahati. Kete 64, mashimo 32, vyote viko wazi. Ukiharibu, kila mtu kaona.

Kwa wageni wa bao la kiswahili: kila mchezaji ana safu 2 za mashimo 8. Anaanza na kete 10 ubaoni, 6 zikiwa kwenye nyumba, na 22 mkononi. Kila zamu anaingiza kete moja, ndiyo namua. Za mkononi zikiisha mnaingia mtaji. Zinazoliwa ni kete za safu ya mbele tu. Ukibaki huna kitu mbele, au huna pa kucheza, umefungwa.

Michezo mibovu

1. Kula kwa tamaa. Mtu anaona shimo limejaa, anakula fasta bila kuhesabu kete ya mwisho itaangukia wapi. Zamu ya pili mwenzake anazirudisha zote.

2. Kuvunja nyumba mapema. Wakati wa namua, kete ya mwisho ikiishia kwenye nyumba yako bila kula, unaruhusiwa kulala. Wengi wanaenda safari kwa kelele za watazamaji tu, akiba inasambaa.

3. Kurundika nyuma. Safu ya nyuma hailiwi, kwa hiyo mgeni anaiona benki. Mbele pakiwa peupe unafungwa na utajiri wako wote.

Michezo mizuri

1. Kuchagua kichwa. Ukila katikati unaweza kuanza kusambaza kushoto au kulia. Fuata njia zote mbili akilini mpaka mwisho. Ukila kwenye kimbi huna uchaguzi, unaanzia kichwa cha upande huo.

2. Kuangalia zamu ya mwenzako. Kabla ya kushika kete jiulize: nikicheza hivi atakula nini? Nyumba yangu je?

3. Kukubali kula kidogo. Kete 2 zinazomwacha mwenzako hana cha kula zina faida kuliko 8 zinazomfungulia njia. Asiye na cha kula anabaki kutakata.

Sasa hela. Mzee aliyecheza bao miaka 40 hakuzidi kwa bahati, anaona mbali kuliko wewe. Kuwekeana naye siyo kubahatisha, ni kumgawia. Na hela ya kahawa ndiyo mbolea ya mwakani na ada ya mtoto. Mimi nikikaa na wazee nacheza bure, nikifungwa namuuliza mzee: "shikamoo, pale nilipotelea wapi?" Jibu lake lina thamani kuliko soda.

Wadau wa Mbamba Bay, na nyie mliocheza bawo na Wamalawi ng'ambo ya ziwa, ongezeeni.