Pumzi ya Injini Johannesburg

Wengi wetu tuliofika Johannesburg kutoka Dar es Salaam, Mombasa au Unguja tulianza kwa kuhema. Mji huu uko kiasi cha mita 1,750 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi. Magari nayo huhema. Injini ya kawaida isiyo na tabo, yenye nguvu farasi 100 kule Durban, hapa hubaki na 83 hivi.

Juhudi za kuirudishia injini pumzi zina historia. Gesi ya nitrasi oksidi aliigundua Joseph Priestley mwaka 1772. Mwaka 1844 Horace Wells, daktari wa meno Marekani, akaitumia kuondoa maumivu. Katika Vita Kuu ya Pili Wajerumani waliipandisha angani: mtambo wao ulioitwa GM-1 uliipuliza ndani ya injini za ndege zilizoruka juu sana, kwenye hewa haba. Kyalami, kaskazini mwa mji wetu, Renault walitumia dawa nyingine. Mwaka 1979 gari lao la tabo, likiendeshwa na Jean-Pierre Jabouille, lilianza mbio mbele ya wote. Lilikuwa gari la kwanza la tabo kufanya hivyo katika Formula One.

Leo vijana wetu wanaitamani gesi hiyo. Basi waijue. Kwa uzito, asilimia 36 yake ni oksijeni. Hewa ina 23. Gesi yenyewe haiwaki. Joto la silinda huivunja, oksijeni ikatoka, nayo hudai petroli zaidi. Petroli isipotosha, joto hupanda na pistoni huyeyuka.

Kwa injini yenye pistoni na konrodi za kiwandani, kipimo kiwe kidogo: nguvu farasi 20 hivi hufidia kilichochukuliwa na mwinuko. Fundi aicheleweshe cheche kidogo na kuweka swichi ya kukata gesi presha ya petroli ikishuka. Gesi ifunguke tu mafuta yakikanyagwa hadi mwisho, injini ikiwa imeshachangamka. Mtungi ufungwe imara, mbali na joto. Na mbio ziwe uwanjani, si mitaani penye watoto.

Marubani wale walitaka kurudishiwa kilichopungua. Anayetaka mara tatu ya hapo anazitwisha pistoni mzigo usio wao, na gari hilo hilo ndilo la kumpeleka kazini Jumatatu.