Tarishi, si Mjumbe wa Pili

Katika rasimu ya istilahi za baiolojia iliyonifikia, kemikali zinazoipokea habari kwenye utando wa seli na kuisambaza ndani zimeitwa "wajumbe wa pili". Ninalipinga jina hilo, na nitaendelea kulipinga hata likishachapishwa.

Asiyeuona ubovu wake na aitazame ncha inayokua ya aksoni, yaani uzi mrefu wa seli ya neva, ncha ile aliyoieleza Santiago Ramón y Cajal mwaka 1890 na kuiita koni ya ukuaji. Netrini, kemikali ya nje inayoiongoza aksoni, ikiifikia ncha hiyo haiingii ndani. Hushika kipokezi kilicho kwenye utando, basi. Huko ndani kazi hufanywa na saikliki AMP, saikliki GMP na ioni za kalisi, nazo ndizo zinazoamua ncha ipinde upande gani. Mwaka 1997 maabara ya Mu-ming Poo ilionyesha, kwa seli za neva za uti wa mgongo wa chura aina ya Xenopus, kwamba netrini ileile inayoivuta aksoni huifukuza pale kazi ya saikliki AMP inapozuiwa. Habari ya nje haikubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni mbeba habari wa ndani, naye akaigeuza safari nzima. Huyo awe wa pili kwa nani?

Namba hiyo ilitoka kwa Earl Sutherland, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1971: kwake homoni ilikuwa ya kwanza, saikliki AMP ya pili. Rasimu yetu haimtaji huyo wa kwanza popote, na tukizihesabu pamoja kemikali zile tatu tunalazimika kusema "wajumbe wa pili watatu". Kamati iliyoyapitisha maneno hayo haikuyasoma kwa sauti.

Ubaya mkubwa zaidi umo katika "mjumbe". Mjumbe wa Kiswahili cha leo huketi: mjumbe wa bodi, mjumbe wa nyumba kumi, wajumbe wa Bunge Maalumu la Katiba. Anawakilisha watu, anachangia hoja, anapiga kura. Watetezi wake hukimbilia methali, kwamba mjumbe hauawi, na methali hiyohiyo ndiyo inayowaangusha. Ndani ya seli mbeba habari huuawa, na asipouawa ni balaa. Vimeng'enya vya fosfodiesterezi huivunja saikliki AMP upesi; kalisi husukumwa nje au kurudishwa katika hifadhi zake. Bila hivyo ncha ya aksoni ingebaki imeshikwa na habari ya jana, isiweze kusikia ya mahali papya ilipofika.

Neno tunalo: tarishi. Katika Kiarabu cha Oman na Ghuba, tarrash ni kutuma na tarish ni anayetumwa. Lilipovuka bahari likaongezewa mbio, likawa jina la mtu hodari wa kukimbiza habari, kisha ofisi zikalitwaa kwa yule anayepeleka majalada chumba hadi chumba. Maana hiyo ya mwisho ndiyo ninayoitaka: anayezunguka ndani ya jengo, wala barua ya nje hakuiandika yeye. Walioipa netrini jina mwaka 1994 walichota katika Kisanskriti, kwenye neno lenye maana ya mwenye kuongoza. Hakuna aliyewalaumu kwa kurudi nyuma kiasi hicho. Mimi sikwenda mbali hivyo, nimeishia pwani.

Mtaalamu mmoja amelikataa eti ni jina la kazi ya chini. Kazi ya tarishi ni halali, na ofisi isiyo na tarishi husimama. Sijui uchini wake uko wapi. Badala yake amependekeza "kisambaza-taarifa cha upili cha ndani ya seli", kifungu ambacho mwanafunzi atakisahau kabla hajageuza ukurasa. Nilimjibu kwa barua ndefu, hoja kwa hoja. Hakujibu, na rasimu iliyofuata ilikuja bila neno tarishi hata katika safu ya visawe.

Matumizi: tarishi la seli, wingi matarishi ya seli, kwa upatanisho wa LI-YA, ili molekuli isichanganywe na mtu. Kipokezi kibaki kilivyo.