Dua na Chungu: Makanisa ya Kibaptisti ya Montgomery na Watu Waliokwenda kwa Miguu

Desemba 2025 ilitimu miaka 70 tangu watu weusi wa Montgomery, mji mkuu wa jimbo la Alabama huko Marekani, walipoazimia kutopanda mabasi ya mji wao mpaka watakapotendewa kwa heshima impasayo mwanadamu. Na kwa kuwa kumbukumbu za namna hii huadhimishwa kwa hotuba na mashada ya maua, na kwa picha za wale wale ambao sura zao tumekwisha zizoea, sina budi kuuliza maswali ambayo hayana fahari ya jukwaani. Watu wapatao 40,000 waliokwenda kwa miguu muda wa siku 381, katika baridi ya Januari na jua la Agosti, walibebwa na nani walipochoka? Fedha za petroli zilitoka katika mfuko wa nani? Na yule aliyefukuzwa kazi kwa sababu ya msimamo wake, watoto wake walikula nini?

Jawabu, kwa sehemu kubwa, limo ndani ya makanisa ya mji ule, na hasa makanisa ya Kibaptisti, ambamo dua na sahani ya sadaka vilifungwa pamoja hata isiwezekane kuvitenga. Katika kuyasimulia haya nimeegemea zaidi vitabu viwili: kumbukumbu za Jo Ann Robinson zilizotolewa mwaka 1987, na historia kubwa ya Taylor Branch iliyotoka mwaka uliofuata. Msomaji atakayeona kwamba wanawake na wachuuzi wamepewa hapa nafasi kubwa kuliko wahubiri, basi ajue kwamba nimepanda chombo na manahodha hawa wawili kwa hiari yangu.

Asili ya jambo lenyewe ni ya kale. Mwaka 1867, utumwa ukiwa umekomeshwa miaka miwili tu iliyotangulia, watu weusi wapatao 700 walitoka katika kanisa la Kibaptisti la wazungu wa Montgomery, wakaanzisha kanisa lao wenyewe chini ya mchungaji Nathan Ashby. Jengo lao lilipoungua, mchungaji wa baadaye, Andrew Stokes, aliwaagiza washirika kila mmoja alete tofali moja kila siku, na kwa kuwa wengi wao walikuwa vibarua, wafuaji na wapishi wasiokuwa na akiba ya fedha, matofali hayo yaliokotwa palipookoteka na kubebwa kwa mikono, hata mnamo mwaka 1915 kanisa likasimama, nalo mpaka leo linaitwa kwa jina la utani Kanisa la Tofali kwa Siku. Wakati huo kundi jingine lilikuwa limekwisha jitenga, tangu mwaka 1877, likakusanyika kwanza katika nyumba iliyokuwa zizi la mfanyabiashara wa watumwa, kisha mwaka 1879 likanunua kiwanja kwa dola 270 na kujenga kanisa la matofali mekundu hatua chache kutoka jumba la serikali ya jimbo, pale pale ambapo Jefferson Davis alikula kiapo mwaka 1861 kuwa rais wa majimbo yaliyojitenga kwa ajili ya kuulinda utumwa. Hilo ndilo kanisa la Dexter Avenue.

Kadiri miaka ilivyopita, Dexter lilipata sifa ya kuwa kanisa la wenye elimu na madaraka: walimu wa chuo cha serikali cha watu weusi, madaktari, wake wa wenye maduka. Ibada yake ilikuwa ya utulivu, na mashemasi wake walikuwa na neno zito kuliko la mchungaji, kwa maana katika utaratibu wa Kibaptisti hakuna askofu wa kuamua. Ushirika wenyewe ndio unaomwita mchungaji, na ushirika wenyewe ndio unaomwondoa. Katika kanisa la namna hiyo ndipo alipofika, miaka ya mwisho ya 1940, mtu aliyeitwa Vernon Johns.

Huyu Johns alizaliwa mwaka 1892 katika mashamba ya Virginia, akasoma theolojia katika chuo cha Oberlin, akawa na akili ya kuhifadhi iliyowastaajabisha maprofesa, lakini hakukoma kuwa mkulima. Siku ya Jumapili angeweza kuhubiri hata wasomi wakashusha pumzi. Na ibada ikimalizika, wale wale wasomi, wakiwa wamevaa kofia na glovu, walimkuta mchungaji wao nje akiuza kabichi, matikiti maji, nyama ya nguruwe na samaki. Kwa mashemasi hii ilikuwa fedheha isiyovumilika. Mababu zao walikuwa wakulima kwa mjeledi. Wao walikuwa wamesomesha watoto kwa taabu ili wasinuke udongo. Na sasa mchungaji, mtu wa kuwawakilisha mbele ya mji, anawarudishia udongo ule mlangoni pa kanisa!

Wakamwita kumhoji. Branch anasimulia kwamba alipoulizwa juu ya samaki hakuonyesha haya hata kidogo, bali aliwaeleza kwamba wanaomjia kuuliza habari za samaki ni wengi sana kuliko wanaomjia kuuliza habari za dini. Wako waliocheka baadaye. Siku ile hakucheka mtu. Maana chini ya samaki palikuwa na hoja, na Johns aliirudia mimbarini bila kuchoka: kwamba watu wanaonunua kila kitu kwa wengine na wasiuze chochote kilicho chao hawawezi kuwa huru, kwamba kanisa linalosali pamoja bila kulima, kununua na kuuza pamoja limeacha nusu ya kazi yake, na kwamba inawapasa kuanzisha ushirika wa mashamba na wa duka, ili shilingi ya maskini, kama tungesema sisi, izunguke mikononi mwa ndugu zake kabla ya kuondoka. Mashemasi walisikia dharau. Yeye aliona kwamba wao ndio wenye dharau. Alijiuzulu mara kadhaa, na kila mara akaombwa abaki, mpaka mara ya mwisho, baada ya ugomvi uliohusu matikiti maji aliyoyauza katika viwanja vya chuo, barua yake ikapokelewa na kukubaliwa. Hiyo ilikuwa mwaka 1952.

Nakiri kwamba moyo wangu uko kwa Johns, ijapokuwa nafahamu uchungu wa mashemasi wale, ambao heshima ndiyo mali pekee waliyoipata bila kuikopa.

Waliposaka mchungaji mpya walimtaka mtu mtulivu, wakampata kijana wa miaka 25, Martin Luther King, aliyekabidhiwa kanisa rasmi tarehe 31 Oktoba 1954. Yaliyofuata yanajulikana kote duniani: jinsi Rosa Parks, ambaye yeye alikuwa wa madhehebu ya Kimethodisti, alivyokataa kumwachia mzungu kiti chake katika basi siku ya Alhamisi, tarehe 1 Desemba 1955, jinsi Jo Ann Robinson, mwalimu wa Kiingereza na mshirika wa Dexter, alivyokesha usiku ule chuoni akirudufu karatasi za mwito maelfu kwa maelfu, jinsi jioni ya Jumatatu watu walivyofurika kanisa la Kibaptisti la Holt Street hata ikabidi vipaza sauti viwekwe nje kwa ajili ya waliokosa nafasi.

Tangu siku hiyo, kila Jumatatu na kila Alhamisi, palikuwa na mkutano, na mkutano huo ulihama kutoka kanisa moja hadi jingine, ili pasiwe na kanisa lililobeba mzigo peke yake wala lililokosa baraka. Watu walifika mapema saa kadhaa kabla ya wakati, wakaimba. Mzee mmoja akaomba, Maandiko yakasomwa, taarifa ya magari ikatolewa, sahani ikapitishwa, ndipo hotuba. Robinson, aliyeyashuhudia haya kwa macho yake, hatuonyeshi mahali ambapo ibada ilikoma na shughuli ikaanza, na nadhani hapakuwapo mahali hapo. Dua ya kumwombea mama mfuaji aliyevimba miguu ilifuatwa na kuuliza ni nani mwenye gari atakayepita mtaani kwake kesho saa kumi na mbili asubuhi.

Magari ya watu binafsi yapatayo 300 yalijitoa. Baadaye, michango ilipoanza kuja kutoka mbali, yalinunuliwa magari marefu ya abiria, yakaandikishwa kwa majina ya makanisa, na jina la kila kanisa likapakwa rangi ubavuni, hata watu wakayaita makanisa yaendayo kwa magurudumu. Maadui hawakuweza kuyapiga marufuku upesi, wakayaendea kwa njia ya bima: kampuni moja baada ya nyingine ikafuta mkataba, mpaka dalali mmoja mweusi wa Atlanta, T. M. Alexander, akafanikiwa kupata bima kwa Lloyd's ya London, ng'ambo ya bahari, ambako chuki ya Alabama haikuwa na mkono.

Kuna usiku mmoja, mwishoni mwa Januari 1956, ambao King mwenyewe aliusimulia mara nyingi. Simu ya vitisho ilikuwa imelia karibu na saa sita ya usiku. Mkewe na mtoto mchanga wamelala. Yeye akaenda jikoni, akatengeneza kahawa, na pale mezani, kikombe hakijaguswa, akaomba kwa sauti, akakiri kwamba nguvu zimemwishia. Siku chache baadaye nyumba yake ilitupiwa bomu, naye akiwa mkutanoni katika Kanisa la Tofali kwa Siku. Wahubiri hupenda kuitaja dua ile. Mimi napenda kutaja kwamba ilifanyika jikoni, kwa sababu jiko jingine la mji ule ndilo ninaloliendea sasa.

Bibi Georgia Gilmore alikuwa mpishi katika mkahawa wa wazungu, mama wa watoto wengi, mwenye mwili mkubwa na ulimi usioogopa mtu. Kesi ya King ya kuongoza mgomo ule iliposikilizwa mwezi wa Machi 1956, bibi huyu alisimama mahakamani akaeleza jinsi dereva wa basi alivyopokea nauli yake, akamwamuru ashuke apandie mlango wa nyuma, kisha akaondoa gari na kumwacha barabarani na fedha yake imekwenda. Baada ya ushahidi huo alipoteza kazi. King akamshauri apike nyumbani kwake na auze, na akamsaidia fedha za kuanzia.

Lakini hata kabla ya hapo Gilmore alikuwa amekwisha kusanya wanawake wenzake, wapishi na watumishi wa majumbani, wakawa wanapika kwa siri kuku wa kukaanga, keki na pai za viazi vitamu, wakiuza katika saluni, katika vituo vya teksi na milangoni pa makanisa, na mapato yote yakienda kwenye petroli na matengenezo ya magari. Waliita chama chao Klabu Isiyotoka Popote. Jina hilo lilikuwa hekima tupu: wengi walikuwa wakila mshahara wa wazungu ambao wangewafukuza siku ile ile, na wako wazungu wachache waliochangia wakiogopa majirani zao, basi akiulizwa mtu fedha hizi zimetoka wapi, angejibu bila kusema uongo kwamba hazikutoka popote. Gilmore peke yake ndiye aliyejua majina.

Jumatatu ikifika alisimama kanisani akatangaza kiasi kilichopatikana, ambacho kilikuwa baina ya dola 125 na 200 kwa juma, na kanisa likalipuka kwa vigelegele. Upande wa pili wa mji Bibi Inez Ricks akaunda klabu yake, Klabu ya Urafiki, na tangu hapo pakawa na mashindano: nani kaleta zaidi juma hili? Watu walisubiri hesabu ile kama wanavyosubiri matokeo ya mpira. Msomaji wetu, aliyekulia mahali ambapo msiba wa jirani haupiti bila sufuria kupelekwa na ambapo kinamama hushindana kwa sare na kwa vyungu, hahitaji kufasiriwa raha iliyokuwamo ndani ya mashindano hayo. Na Vernon Johns, aliyeishi mpaka mwaka 1965, aliweza kusikia akiwa mbali kwamba makanisa ya Montgomery yanaokolewa na watu wanaouza chakula mlangoni.

Tarehe 13 Novemba 1956, siku ambayo wakili wa mji alikuwa mahakamani kuyapiga marufuku magari ya makanisa, habari ikafika kwamba Mahakama ya Juu ya Marekani imethibitisha kuwa ubaguzi katika mabasi ni kinyume cha katiba. Mgomo ukaisha Desemba. Mwezi uliofuata makanisa manne ya Kibaptisti yalitupiwa mabomu usiku mmoja, na washirika, kama ilivyo jadi yao, wakaanza tena kuinua matofali.

Dexter liliwekwa katika orodha ya majengo ya kihistoria ya taifa mwaka 1974, na miaka minne baadaye likaongezwa jina la King. Wageni huja kwa mabasi makubwa, hupiga picha mimbarini, huondoka. Ni haki, lakini inanisikitisha kwamba masimulizi ya mimbara yamejaa maktaba, hali ya kuwa daftari la wapishi lilikaa kichwani mwa bibi mmoja, na wengi wa wanawake aliowaficha wamezikwa wakiwa bado wamefichika.

Georgia Gilmore alifariki Machi 1990. Mji ulikuwa ukijiandaa kuadhimisha miaka 25 ya maandamano ya kutoka Selma hadi Montgomery, naye alikuwa ameanza mapema kupika kuku na makaroni ya jibini kwa ajili ya wageni. Chakula hicho kilipakuliwa kwa watu waliokuja kumlilia.