Igizo Dhima na Umiliki wa Kauli: Kutoka Ælfric hadi Debyser

Katika taaluma ya ufundishaji wa lugha za kigeni, igizo dhima huhusishwa mara nyingi na mkabala wa kimawasiliano uliostawi katika miaka ya 1970. Makala hii inadai kuwa mbinu hiyo ni kongwe zaidi. Kilichobadilika katika historia yake si matumizi ya mhusika wa kubuni, bali ni nani anayemtungia mhusika huyo maneno.

Mwishoni mwa karne ya 10, mtawa Ælfric wa Uingereza alitunga mazungumzo ya Kilatini kwa ajili ya wavulana wa shule ya monasteri. Mmoja alikuwa mkulima, mwingine mchungaji, mwindaji, mvuvi au mfanyabiashara, na mwalimu aliwahoji kuhusu kazi zao. Kwa njia hiyo, msamiati wa shamba na bahari uliingia katika lugha ya ibada. Mkulima anasema kazi yake ni nzito kwa kuwa yeye si mtu huru. Mvulana alikopeshwa sauti ya mtu wa tabaka jingine, ila kila neno lilikuwa la mwalimu.

Colloquia ya Erasmus, iliyochapishwa Basel mwaka 1518, ilianza kama mifano ya salamu na maneno ya kila siku. Matoleo yaliyofuata yaliipanua ikawa na mazungumzo yenye wahusika kamili, akiwemo mwanamke msomi anayemshinda kwa hoja mkuu wa monasteri. Mwaka 1526 Kitivo cha Teolojia cha Paris kilikilaani kitabu hicho, naye Erasmus akaandika kutetea manufaa yake kwa vijana. Zoezi la darasani lilikuwa limezua swali la nani anawajibikia kauli ya mhusika.

Francis Debyser alilijibu swali hilo kwa namna nyingine. Katika L'Immeuble (1986), wanafunzi wa Kifaransa hubuni wenyewe wakazi wa jengo moja: majina, kazi na ugomvi wao, kisha huzungumza kama wakazi hao.

Historia hii inamhusu pia mwalimu wa Kiswahili kwa wageni. Mwanafunzi anayekariri mazungumzo ya sokoni hujizoeza matamshi. Aliyembuni mnunuzi na muuzaji hulazimika kuamua kama aanze kwa "shikamoo" au "habari", kwa kuwa anaujua umri wa kila mmoja. Uamuzi huo ndio umilisi tunaodai kuupima.