Guma mu Rugo: nani alitoka, nani alibaki

Zamu hii hatuandiki historia ya wafalme wala ya vita. Tunaandika ile tuliyoiishi sisi wenyewe hapa Masaka.

Tarehe 14 Machi 2020 Rwanda ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza wa korona. Shule zikafungwa, na usiku wa tarehe 21 nchi nzima ikafungwa. Watu waliita Guma mu Rugo, yaani baki nyumbani. Tangazo lilikataza kutoka na kutembeleana bila sababu ya lazima, kama vile chakula, matibabu au benki. Halikutaja mwanamume wala mwanamke, mwenye ndoa wala asiye na ndoa. Sheria ilikuwa moja, ila miguu haikutembea sawa.

Nchi nyingine ziliandika jinsia waziwazi. Panama iliwapa wanawake Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, na wanaume siku zao. Peru nayo ilijaribu, ikaacha baada ya wiki moja tu. Kwetu hakuna aliyegawa siku, lakini kazi za nyumbani ziligawa zenyewe.

Mwanzoni, kwenye vichochoro tulivyokaa, waliotoka zaidi walikuwa wamama na wasichana. Maji yalitakiwa, mboga zilitakiwa, na hiyo ni kazi waliyokuwa nayo hata kabla ya korona. Ila walitoka karibu: bombani, dukani, kurudi. Wababa na kaka zetu wa moto na wa ujenzi walikuwa wamekaa mlangoni, kazi imesimama. Kwa kweli tuliona wababa wakijua kwa mara ya kwanza jeri moja ya maji inaisha haraka namna gani. (Wengine walijua, hawakuisogeza.)

Ilipofika tarehe 4 Mei, mambo yakaanza kulegea, na hapo picha ikageuka. Moto zilirudi kubeba abiria tarehe 3 Juni, na wanaume wakakimbilia mjini. Lakini shule hazikuanza kufunguka hadi Novemba. Basi watoto walikuwa nyumbani, na mtu wa kukaa nao alikuwa nani? Mama, au dada mkubwa. Wavulana wa rika letu walirudi barabarani. Wasichana walikuwa wanapika na kuogesha wadogo zao. Watafiti wa Austria waliochunguza data za simu za watu zaidi ya milioni moja walikuta jambo linalofanana: mwendo wa wanawake ulipungua zaidi, na wanaume walirudia hali yao ya zamani haraka zaidi. Austria ni mbali, lakini tuliposoma tulicheka, maana tuliliona kwa macho.

Sasa tuje kwenye ndoa, maana hapa ndipo sisi wakimbizi tuliumia. Mwenye mke alikuwa na mtu wa kupokezana naye: mmoja anatoka, mwingine anabaki na watoto. Mama anayelea peke yake alitoka na kuacha watoto wamefungiwa ndani, au hakutoka. Vijana wanne wa chumba kimoja, waliozoea kula mgahawani, walinunua sufuria yao ya kwanza mwezi huo.

Na wachumba? Uingereza, kuanzia tarehe 13 Juni 2020, iliruhusu mtu mzima anayeishi peke yake kujiunga na nyumba moja nyingine, hata kulala huko. Yaani serikali ilikaa ikamfikiria mtu asiye na ndoa. Kwetu kutembeleana kulikatazwa, basi. Kigali ilipofungwa tena Januari 2021, ruhusa ya kutoka iliombwa polisi kwa kubonyeza *127#, na ilibidi useme sababu. Mmoja wetu alikuwa na mchumba mgonjwa, anaishi mtaa mwingine, peke yake. Angesema nini? Kwenye karatasi ya HCR kila mmoja yuko na familia yake. Hakuna mahali panaposema hawa wawili ni wa pamoja. Sherehe za ndoa nazo zilikuwa zimezuiwa, kwa hiyo hata kuhalalisha haikuwezekana. Akaandika kwamba anakwenda kununua dawa. Haikuwa uongo wote, dawa alinunua kweli. Lakini alipoulizwa njiani yule ni nani wake, alijibu: kaka yangu. Hadi leo akisimulia anainamisha kichwa.

Nyinyi wa mashirika, mlipokuwa mnaandika orodha za chakula mliuliza kila nyumba ina watu wangapi. Hatukumbuki mtu aliyeuliza nani anamtunza nani nje ya nyumba ile.

Na nyinyi mliokuwa kambini wakati ule, Mahama, Kiziba au Gihembe kabla haijafungwa, huku mpenzi wako yuko Kigali: mlipitaje? Tuandikieni, hata kwa sauti.